Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu: Barua Moja, Waombaji Mia, Kazi Hakuna

Leo hakuna umbea wa nani kaachana na nani. Nina umbea mwingine mkubwa kuliko huo, na wahusika wake wamejaa kuanzia Kayanga mjini, Omurushaka, Bugene mpaka Nyaishozi, na wale wa Kyerwa msijifiche maana nanyi mmo. Kama kawaida yetu simtaji mtu jina. Atakayejiona humu ajue ni yeye, na asinipigie simu.

Umbea wenyewe ni huu: vijana wa huku tunaomba kazi kwa barua moja. Sisemi barua zinazofanana. Nasema moja, ile ile. Inaanza hivi:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, nina akili timamu na afya njema. Ninaomba nafasi ya kazi katika ofisi yako tukufu. Niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa, mahali popote na muda wowote. Natumaini ombi langu litapokelewa kwa mikono miwili. Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa."

Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnaijua kwa kichwa. Wengine mnayo kwenye simu muda huu, faili limeandikwa "barua ya kazi mpya kabisa". Sasa mimi nasema wazi, na wa kununa anune: hiyo siyo barua. Hiyo ni risiti ya kuonyesha kwamba ulipita steshenari.

Kuna bosi mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, majina tunahifadhi. Alibandika tangazo mlangoni kwake kwa kalamu ya wino mzito, anataka muuzaji mmoja. Maneno machache tu: awe anajua kuandika stoku, awe mwaminifu, alete barua. Wiki haijaisha, boksi la misumari limejaa bahasha. Jioni akakaa kusoma. Ya kwanza sawa. Ya pili akadhani karudia ya kwanza. Ya tatu akamwita mke wake waje wasome wote. Barua tano zimeandika "uzoefi" badala ya uzoefu. Watu watano, vijiji tofauti, kosa moja! Kuna dada kaandika yeye ni "baba wa familia". Kuna kaka kaomba kufundisha chekechea, kwenye duka la saruji.

Kazi alipata nani? Binti mmoja aliyeandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mistari haizidi kumi. Alisema amesaidia dukani kwa mjomba wake miaka miwili. Alisema anajua kutofautisha bati geji 28 na geji 30. Alisema kila jioni alikuwa anahesabu mzigo na kuandika, na daftari bado analo. Bosi akapiga simu akasema neno moja: "Lilete." Mchezo ukaishia hapo.

Hakuwa na diploma yule binti, na hakuwa mtoto wa mtu. Alichofanya ni kumwambia bosi kitu ambacho boksi zima la misumari halikumwambia.

Sasa twende kwa wahusika mmoja mmoja.

Wa kwanza ni bro wa steshenari. Huyu tunampenda, ndiye anayetutolea kopi na kutuskania vyeti, na umeme ukikatika tunalia naye. Kuchapa barua siyo kosa, ni kazi yake. Tatizo lake ni kwamba haandiki barua yako, anakukodishia barua ya mtu. Ukifika ukamwambia unataka barua ya kazi, hakuulizi kazi gani. Anakuuliza, "Jina nani?" Anafungua faili, anafuta jina la aliyetoka, anaweka la kwako, anaprinti. Dakika mbili. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu wanamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa, halafu chini wanaweka Kayanga. Ndugu yangu, Kyerwa ilishagawanywa kutoka Karagwe tangu 2012! Makao yao yako Rubwera. Wewe unaomba kazi ofisi ambayo hata iliko hujui, halafu kwenye aya ya pili unasema una "umakini wa hali ya juu".

Wa pili ni staa wetu wa mtandaoni. Mnamjua, yule wa kupiga picha kwenye magari ambayo kila siku rangi inabadilika. Ana kagrupu kake ka WhatsApp, kuingia ni hela, na ndani anauza kitu anachokiita "barua ya kutoboa". Ukimuuliza nani ametoboa kwa barua hiyo, anasema siri ya mteja. Haya. Lakini angalieni hii: Jumatatu anauza barua. Alhamisi anaposti kwamba barua hazina maana, Tanzania hii kazi ni koneksheni tu, watu chini wanapiga makofi. Sasa dada yangu, kama barua hazina maana, Jumatatu ulituuzia nini?

Wa tatu ni kaka yetu wa Kiingereza. Amesoma, na sisi watu wa Kagera mnatujua, tunaitwa nshomile nchi nzima, shule kwetu ni sifa. Huyu kaka ukimpelekea shida yako ya barua anashusha Kiingereza kizito, mpaka karatasi inainama. Mtu anaomba ulinzi wa usiku kwenye shule, barua inazungumzia mikakati na ubunifu wa kitaasisi. Siku ya kuitwa, mwalimu mkuu anaiweka mezani anauliza, "Hapa mstari wa tatu ulimaanisha nini?" Kimya. Jasho. Kazi imekwenda. Na wala hakuna aliyekulazimisha! Hata Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo ndiyo serikali yenyewe, inapokea barua kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Andika kwa lugha ambayo ukiulizwa swali utajibu kwa lugha hiyo hiyo.

Wa nne ni sisi wenyewe.

Hapa ndipo penye uchungu, tulieni. Watu wanasema vijana wananunua barua kwa uvivu. Mimi sikubali. Mtu anayeamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule siyo mvivu. Tunanunua barua kwa sababu tunaamini hatuna cha kuandika. Mtu anashika kalamu, anajiambia "sina uzoefu", anaiweka chini. Kumbe msimu mzima wa kahawa yeye ndiye aliyekuwa anaandika kilo za baba yake. Kumbe ni katibu wa kikundi cha kanisani miaka mitatu. Kumbe amekaa kwenye kibanda cha wakala anashika floti ya mamilioni ya watu na kila jioni hesabu inakaa sawa. Hayo yote kwake siyo uzoefu, kwa sababu hakuna aliyemlipa mshahara wala kumpa kitambulisho cha kuvaa shingoni.

Nani alitufundisha hivyo? Shule tulifundishwa barua rasmi vizuri tu kwenye Kiswahili: anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya unayemwandikia kushoto, salamu, YAH, mwili, mwisho, sahihi, jina. Ile mifupa tunayo. Nyama ndiyo hatukupewa. Tuliambiwa "mwili wa barua", tukaujaza kwa maneno ya kuokota, tukapata alama zetu, tukatoka. Halafu steshenari wakaja wakatuuzia mifupa ile ile bila nyama.

Na gharama yake siyo ndogo, tuache utani. Kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kupeleka vyeti kwa wakili akavithibitishe, bahasha, bando la kutuma, boda ya kwenda na kurudi. Ukiomba sehemu kumi kwa mwaka, hiyo ni hela ya mtaji wa genge. Hela hiyo inatoka wapi? Mama ameuza mkungu wa ndizi. Ameuza debe la maharage aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu. Mama ameuza maharage yake ili wewe ukanunue sentensi za mtu ambaye naye hakupata kazi! Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Najua kwenye maoni wa kwanza atakuja kusema, "Acha stori, kazi ni koneksheni." Nakujibu kabisa kabla hujachapa.

Koneksheni zipo. Mtoto wa shangazi yupo, na kuna mabosi wanabandika tangazo wakati mtu wao ameshaanza kazi. Kuna bosi anataka uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kufungua na kufunga duka. Na kuna yule mwingine anayesoma barua ya binti, anamwambia barua nzuri ila "tuongee vizuri jioni gesti". Huyo siyo koneksheni, huyo ni mhalifu. Rushwa ya ngono iko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Dada zangu hiyo namba muiweke kwenye simu sasa hivi, kabla hamjamaliza kusoma.

Lakini sikiliza. Hata hiyo koneksheni yenyewe, anko akikuombea mahali, neno la kwanza analoambiwa ni lipi? "Mwambie alete barua." Anko anaibeba barua yako kwa aibu au kwa kifua mbele, inategemea umeandika nini. Na zile kazi ambazo hazina anko ndani yake, ambazo bosi kweli anatafuta mtu kwa sababu biashara inamshinda, hizo tunazipoteza wenyewe kila siku. Za koneksheni walituzidi. Hizi nyingine tunashindwaje, wakati kalamu tunazo?

Mwingine atasema, "Mimi naomba serikalini, kule ni Ajira Portal, nani anasoma barua?" Sawa, tuseme ukweli wote. Serikalini barua peke yake haikupi kazi. Kuna usaili wa mchujo wa kuandika, halafu mahojiano. Lakini soma tangazo mpaka chini, maana wengi mnaishia kwenye mshahara. Limeandikwa wazi uambatishe barua ya maombi iliyosainiwa, na limetaja ielekezwe kwa nani: Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Limesema hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe. Limesema ukigushi taarifa unachukuliwa hatua za kisheria. Mtu anasoma yote hayo halafu anapakia barua isiyo na sahihi, aliyomwandikia mkurugenzi wa shirika fulani la mwaka juzi. Halafu analaumu mtandao.

Na ukifika kwenye mahojiano, utaambiwa ujieleze. Aliyeandika barua yake mwenyewe ameshajieleza mara moja kwenye karatasi, hapo anarudia tu kwa mdomo. Aliyenunua anaanza kujitafuta mbele ya watu watatu wamevaa miwani.

Haya, sasa tufanyeje? Siwauzii grupu. Ni bure.

Kwanza, soma tangazo na penseli mkononi. Tangazo la kazi ni mtihani uliovuja, maswali yote yako wazi! Chukua nafasi ambayo huku kwetu kila mtu anaiotea, Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Kwanza angalia sifa: wanataka kidato cha nne au cha sita pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Huna, usipoteze bando. Unacho, shuka kwenye majukumu. Limeandikwa mtendaji ni katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Limeandikwa anatunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji. Limeandikwa anaandaa taarifa za utekelezaji wa kazi. Sasa wewe uliyekuwa katibu wa kikoba ukaandika muhtasari wa kila kikao bila kukosa, hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Mbona kwenye barua umeandika una "akili timamu"? Nani alikuuliza kuhusu akili yako?

Pili, andika kile anachohitaji yeye, siyo kile unachotamani wewe. Yule jamaa wa Italia aliyechora Mona Lisa, Leonardo da Vinci, kabla hajawa mkubwa aliandaa barua ya kuomba kazi kwa mtawala wa Milan, miaka ya 1480 huko. Mtawala alikuwa na maadui, shida yake ilikuwa vita. Leonardo akaorodhesha mambo kama kumi anayoweza kumfanyia: madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, namna ya kuvunja ngome. Kuchora, ambako ndiko kulikomfanya dunia nzima imjue, alikuweka mwishoni kabisa. Hakuandika "mimi ni kijana wa Kiitaliano niko tayari kufanya kazi yoyote". Mtu wa kazi yoyote hakuna anayejua amweke wapi.

Tatu, weka ushahidi. "Mimi ni mwaminifu" ni maneno, hata mwizi anayaandika. "Nilikaa kaunta ya wakala miezi kumi na minane na tajiri hakuwahi kunikata upungufu, namba yake hii hapa muulize" huo ni ushahidi. "Ninajituma" ni maneno. "Nimekuwa nikifungua duka saa kumi na mbili asubuhi kila siku" huo ni ushahidi. Na usidanganye hata kidogo. Kayanga ni ndogo jamani. Unayemsingizia kwamba ulifanya kwake kazi anakunywa chai na huyo unayemwomba.

Nne, acha kuomba huruma. Hili najua litauma watu. Kuandika kwamba wewe ni yatima, mdogo wako kafukuzwa ada, nyumbani mnalala njaa. Yote yanaweza kuwa kweli kabisa, na Mungu akusimamie. Ila kila bahasha iliyo kwenye lile boksi la misumari ina njaa yake. Bosi akikuchukua kwa huruma atakulipa kwa huruma, na siku huruma ikimwisha, umerudi nyumbani. Wewe unauza kazi. Muuza ndizi pale sokoni hakwambii "nunua maana nina shida", anakwambia "angalia mkungu huu". Onyesha mkungu.

Nawapa mfano ili msiseme naongea tu. Huu nimeutunga mimi, siyo wa mtu. Tuchukue chama cha msingi cha kahawa kimebandika tangazo, kinataka karani wa mizani. Juu weka anwani na tarehe kama tulivyofundishwa. Halafu:

"Ndugu Mwenyekiti,

Ndugu Mwenyekiti,

Nimeona tangazo lenu mlilobandika ofisini tarehe 2 Mei mkihitaji karani wa mizani. Naomba kazi hiyo.

Nyumbani tunalima kahawa. Kwa misimu mitatu mimi ndiye niliyekuwa napeleka maganda yetu kwenye chama, na niliandika kwenye daftari uzito wa kila gunia na namba ya risiti. Msimu wa pili niliona risiti moja imepungua kilo 12. Niliirudisha kwa karani, tukapima upya na kusahihisha siku hiyo hiyo. Nilielewa hapo kwamba karani akikosea kidogo, mkulima anakosa imani na chama na mwaka unaofuata anauza butura.

Hisabati nilipata C kidato cha nne. Ninakaa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ghalani, hivyo siku za mzigo mwingi nitabaki mpaka gunia la mwisho lipimwe.

Nitafurahi kuja kwa mazungumzo siku mtakayopanga. Daftari langu nitakuja nalo.

Wako,"

Halafu sahihi, jina kamili, namba ya simu. Basi. Ukurasa haujajaa hata nusu.

Hebu mjiweke kwenye kiti cha huyo mwenyekiti. Anajua butura inavyowatafuna wakulima, kahawa inauzwa ikiwa bado juu ya mti kwa bei ya kutupa. Anajua kelele za mizani. Ana barua thelathini za "husika na kichwa cha habari hapo juu", na ana hii. Ungemwita nani? Na mwandishi wa barua hii hajasema hata mahali pamoja kwamba ni mchapakazi. Imeonekana yenyewe.

Mtu ataniambia, "Lakini mimi sijawahi kupeleka kahawa." Sawa. Umefanya nini? Kaa chini, kata karatasi, andika kila kazi uliyowahi kufanya tangu darasa la saba, iliyolipwa na isiyolipwa. Umelea wadogo zako? Umeuza maandazi? Umesimamia mafundi nyumba ya mjomba ikijengwa? Umekuwa kiranja wa stoo? Umeosha bodaboda? Weka namba pale unapoweza: siku ngapi, watu wangapi, hela kiasi gani ilipita mkononi mwako. Ukimaliza hiyo orodha utashangaa. Halafu chukua mbili au tatu zinazojibu tangazo, nyingine ziache nyumbani.

Kwa bro wa steshenari, sisemi ufunge duka. Nasema ubadilishe swali. Mteja akifika, badala ya "jina nani", muulize "umewahi kufanya nini?" Kaa naye dakika kumi, chapa anachosema. Toza hata mara mbili, watu watalipa, maana safari hii unauza kitu. Dada wa barua ya kutoboa, wewe sina neno, rudisha tu hela za watu. Kaka wa Kiingereza, Kiingereza chako tunakiheshimu, kitumie kumfundisha mdogo wako asome barua yake kabla ya kuituma.

Na mabosi mnaosoma hapa, najua mpo, mnajifanya hampendi umbea. Mkibandika tangazo, semeni kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani na mwisho wa kuleta barua ni lini. Mkiandika "anatakiwa kijana mchangamfu", mtaletewa vijana wachangamfu mia na hakuna anayejua kuandika stoku. Na ukimaliza kuchagua, wapigie hata wale waliokosa. Mtu ameuza maharage kwa ajili ya bahasha yako.

Mwisho nawapa kipimo kimoja, mkifanye leo. Chukua barua yako unayotumia. Funika jina na namba ya simu kwa kidole. Mpe rafiki anayekufahamu vizuri, asome, aseme ni ya nani. Akikutaja, peleka. Akisema "hii inaweza kuwa ya yeyote", basi hata bosi ameona hivyo hivyo. Ichane, chukua karatasi nyingine.

Maoni yako hapo chini. Mliotumia "uzoefi" jitokezeni, hatuwapigi. Na yule staa wetu akija na akaunti yake ya pili kunitukana, mwacheni tu, tunamjua kwa mwandiko.